Nipe Mji: Bwana Msa katika Baridi ya Njombe

Mtoto wa pwani hakumbuki ni lini alianza kupenda mafumbo. Usiku, baada ya chakula, bibi husema "Kitendawili!" na watoto huitika "Tega!" Anayeshindwa kutegua huambiwa "Nipe mji," naye hana budi kutoa: atataja Tanga, atataja Lamu, atataja Bagamoyo. Mwenye kitendawili akiridhika na mji aliopewa, ndipo hulitoa jibu. Sisi tuliokulia katika mchezo huo hatukuifikiri sheria iliyomo ndani yake, nayo ni kwamba jibu lina thamani ya mji mzima. Halitolewi bure. Ama ulifikirie, ama ulilipie.

Napenda kuianzia hapo habari ya riwaya za upelelezi, kwa sababu wapenzi wa ushairi wana desturi ya kuzitazama kwa jicho la pembeni. Husema ni vitabu vya kupitishia wakati, vya kusomwa chomboni au garini na kuachwa juu ya kiti mtu anaposhuka. Wahakiki wa vyuo vikuu nao waliziweka kando kwa jina la riwaya pendwa, ili zisichanganyike na zile walizoziita riwaya dhati. Fikra hiyo nilikuwa nayo mimi pia, mpaka nilipokwenda kufundisha nyanda za juu kusini za Tanzania Bara, nikaviona vitabu hivyo mikononi mwa watu waliokuwa na haja navyo.

Sura ya riwaya hizi, hapana shaka, ilitoka ng'ambo. Edgar Allan Poe, Mmarekani, alitoa hadithi yake ya mauaji ya mtaa wa Morgue mwaka 1841, na Arthur Conan Doyle akamleta Sherlock Holmes mwaka 1887. Walakini kiu ya kufumbua ilikuwako kwetu kabla ya hapo. Muyaka wa Mombasa alifumba, na watu wa mjini wakakesha kutafuta aliyesemwa ni nani. Pemba, Kamange na Sarahani waliwaachia wasomaji wao mashairi ambayo juu yake ni jambo moja na ndani yake ni jingine. Msomaji wa fumbo hakai akingoja kuambiwa. Huchukua neno moja, akaligeuza, akalilinganisha na jingine, akakataa, akarudi. Aliyezoea kazi hiyo katika beti hawezi kuwa mgeni katika riwaya ya upelelezi. Kilichobadilika ni chombo tu.

Aliyeipa riwaya hiyo nyumba katika Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918, na kufariki mwaka 1991. Kabla ya kuwa mwandishi alikuwa mkaguzi katika idara ya afya kwa muda wa miaka kumi, kisha akaingia katika magazeti ya Unguja. Mwaka 1958 akawa mhariri wa *Mkulima*, gazeti la kilimo la Tanganyika, akalishika mpaka mwaka 1968. Hadithi yake *Mzimu wa Watu wa Kale* ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikatoka kitabu mwaka 1960. Baada yake zikaja *Kisima cha Giningi* mwaka 1968, *Duniani Kuna Watu* mwaka 1973, *Siri ya Sifuri* mwaka 1974, na nyenginezo, hadi *Kosa la Bwana Msa* mwaka 1984.

Kazi zake hizo hutajwa mbiombio na watu kisha wakaziacha. Mimi naona ndimo alimotoka Bwana Msa. Mkaguzi wa afya ni mpelelezi asiye na kiko. Huingia uani kwa mtu, hufunua mtungi, hutazama viluwiluwi vya mbu, halafu humwambia mwenye nyumba kwamba homa ya mwanawe imetoka humu, haikutoka kwa jirani. Mhariri wa gazeti la kilimo naye hana kazi mbali na hiyo: mhindi umekauka kwa sababu, na sababu ina jina, na dawa yake hujulikana baada ya sababu kujulikana. Mtu aliyeishi na fikra hiyo, akiandika hadithi ya mauaji, hawezi kumwacha mzimu aende na lawama ya binadamu.

Na hilo ndilo alilolifanya. Katika *Mzimu wa Watu wa Kale* maiti inakutwa mahali ambapo watu huogopa hata kupita, na hofu yao iko tayari kulifunga shauri kabla halijafunguliwa. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, hawatukani wenye kuamini. Huuliza tu. Nani alimwona marehemu mara ya mwisho? Nani alikuwa wapi? Nani anafaidika? *Kisima cha Giningi* nacho kimechukua jina ambalo kila mtoto wa Unguja amelisikia kwa khofu, makao ya wachawi wanakokutana usiku, kikalitia ndani ya hadithi ambayo maswali hayaishii kwenye jina hilo. Sielezi zaidi, aliyekwisha kusoma anajua, na asiyesoma nisimwonee.

Sasa natia pamoja mambo mawili ya wakati mmoja ambayo sijayaona yakitiwa pamoja. Miaka ileile ambayo Bwana Msa alikuwa akizaliwa katika karatasi, kaskazini mwa Nyasaland, Malawi ya leo, alivuma mganga aliyejulikana kwa jina la Chikanga. Kutoka mwisho wa miaka ya 1950 hadi mwanzo wa miaka ya 1960, watu kwa maelfu walimwendea, na wengi wao walitoka nyanda za juu kusini za Tanganyika. Kazi yake ilikuwa kuwatambua wachawi na kuwatakasa. Kabla ya zama zake, katika nchi nyingi za kusini na za kandokando ya Ziwa Nyasa, kulikuwa na kiapo cha mwavi: mtuhumiwa hunyweshwa maji ya sumu, akitapika, hana hatia, asipotapika, hatia yake na hukumu yake vimekuja pamoja. Wakoloni walikipiga marufuku, na sheria ya Tanganyika juu ya uchawi ya mwaka 1928 ikakataza hata kumtaja mtu kuwa mchawi. Sheria ilikataza kujibu. Haikuliondoa swali.

Haifai kuwacheka waliokwenda kwa Chikanga. Mtu aliyezika watoto wawili mfululizo ana haki ya kuuliza nani kamfanyia vile, na kule walisikilizwa. Mganga na mpelelezi hulipokea swali moja. Tofauti yao ni katika deni. Mganga hudaiwa jina, na akishalitoa amelipa. Mpelelezi hudaiwa njia aliyopita mpaka akalifikia jina. Ladha ya riwaya ya upelelezi iko katika deni hilo la pili, kwa kuwa msomaji hupewa vitu vilevile alivyonavyo mpelelezi, akaambiwa: hesabu na wewe. Anaheshimiwa kuwa mtu mwenye akili. Kwa watu waliozoea kuletewa jibu na mkoloni, na mkuu wa kaya, na mganga, heshima hiyo si ndogo.

Niliyafahamu haya kwa miguu kabla ya kuyafahamu kwa kichwa. Katikati ya miaka ya 1980 nilipanda treni ya TAZARA Dar es Salaam jioni, nikashuka Makambako na kanzu chini ya sweta moja, baridi ikanipokea kama mtu niliyemkosea. Makambako ni njia panda. Hapo reli na barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia zinakutana na barabara ya Njombe na Songea, na kila kitu hupita: mbolea, chumvi, abiria, habari. Kituoni niliambiwa "Kamwene," sikujua la kujibu, nikatoa salamu ya kwetu. Tangu siku hiyo jina langu likawa Mpemba, ingawa Pemba nimefika mara mbili tu maishani.

Kwenye njia panda hiyo, juu ya meza za wauza magazeti, ndipo nilipoviona vitabu. Sabuni ilikuwa haba na sukari haba, lakini Willy Gamba alikuwapo. Aliyemtunga, Elvis Musiba, alitoa *Kufa na Kupona* mwaka 1974 na *Kikosi cha Kisasi* mwaka 1979, na shujaa wake hakuwa mtu wa kuvuta kiko barazani. Alikuwa jasusi wa dola, mwenye bastola na tiketi ya ndege, akipambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Wasomaji wa Makambako hawakuhitaji kuelezewa hayo. Reli waliyoisikia ikinguruma usiku, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia kati ya mwaka 1970 na 1975, ili Zambia isitegemee njia zilizopita mikononi mwa walowezi wa Rhodesia na Wareno. Willy Gamba alikuwa akizilinda kwa riwaya shehena zilizopita mbele ya milango yao. Palikuwapo pia vitabu vya Faraji Katalambulla, aliyewahi kumleta Inspekta Wingo katika *Simu ya Kifo* mwaka 1965, na vya Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kasulu aliyefariki mwaka 2008, ambaye Joram Kiango wake alikuwa kipenzi cha vijana.

Wasomaji hao walikuwa wapya kwa wingi wao. Kampeni ya kisomo cha watu wazima ilikuwa imefanya kazi kubwa: kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa kiasi cha watu 67 kati ya 100 mwaka 1967, wakapungua hadi karibu 10 mwaka 1986. Taifa zima lilikuwa limefundishwa kusoma, halafu likakosa cha kusoma. Karatasi zilikuwa ghali, mashine za uchapaji zilikosa vipuri. Jambo la ajabu ni kwamba kiwanda kikubwa cha karatasi kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kazi Mgololo, kwenye reli hiyohiyo, si mbali na Makambako. Misonobari ilikuwa tele, vitabu vichache. Kwa hiyo kitabu kimoja kilikuwa kijiji: kilikaa na watu wengi.

Kimoja kama hicho nilikikuta Njombe, katika sanduku la bati la mwalimu mwenzangu. Kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kimefunikwa kwa gazeti, kimeshonwa kwa uzi wa gunia, na kurasa zake za mwisho hazikuwamo. Mtu mmoja, hakujulikana nani, alizichana akasokotea tumbaku. Muuaji alikuwa amepaa na moshi.

Wanafunzi wa kidato cha pili walikisoma kwa zamu, kila mmoja siku mbili. Ulikuwa mwezi wa Juni, ukungu ukishuka mpaka madirishani, majani yakiwa meupe kwa baridi alfajiri. Walikisoma wakiwa wamejifunika mablanketi mabegani. Kila aliyefika ukingoni mwa ukurasa wa mwisho uliobaki alitoka akiwa na hasira na mtu asiyemjua. Ikavuma kwamba Mwalimu Mpemba amekisoma kitabu kizima kwao, naye anajua. Wakaja usiku, wapatao kumi, wakasimama mlangoni.

"Mwalimu, tunakuomba jibu."

Nikawaambia, "Nipeni mji."

Walicheka, kwa kuwa mchezo wanaujua. Wakanipa Makambako. Nikakataa. Wakanipa Njombe na mashamba yake yote ya miwati na chai. Nikakataa. Mmoja akaniongezea Songea. Nikawaambia kuwa jibu la Bwana Msa haliuzwi kwa miji. Wakae chini waandike nani alikuwa wapi, na saa ngapi, na nani amesema jambo ambalo wengine wamelikanusha. Waliandika kwa muda wa wiki mbili. Kijana mmoja alishikilia kwamba mzimu wenyewe ndio ulioua, na wala hakuwa mpumbavu. Kwao alikwisha kuona mambo. Msichana aliyekaa nyuma yake akamwuliza, "Mzimu unafaidika nini na kifo chake?" Hakupata la kujibu. Swali hilo lilikuwa limetoka kitabuni, lakini siku hiyo lilikuwa limekwisha kuwa la msichana yule.

Baadaye kidogo ikasemekana kwamba mablanketi kumi yameibwa katika stoo ya bweni. Katika baridi ile kuiba blanketi ni kumwibia mtu usingizi wake na afya yake, na hasira zilipanda. Akatajwa mvulana mmoja, mnyonge, mkimya, asiye na ndugu wa karibu pale. Hapakuwa na ushahidi ila kwamba hakupendwa. Wengine wakaanza kuchanga fedha ili aitwe mganga wa kuapiza, na mtuhumiwa mwenyewe akaacha kula. Nilichokiona ni kwamba wale wa kidato cha pili walikuja na daftari. Walikuwa wameandika nani hushika ufunguo, stoo ilihesabiwa lini mara ya mwisho, na nani aliyahesabu mablanketi yalipoletwa. Swali la mwisho halikuwa na jibu. Tulipoifukua hati ya mapokezi, tukakuta mablanketi yaliyofika yalikuwa thelathini, na aliyenakili katika daftari la stoo aliandika arobaini. Hapakuwa na mwizi. Hapakuwa hata na wizi.

Sitaki kulipamba tukio hilo kuliko lilivyokuwa. Fedha za mganga zilirudishwa, lakini walikuwapo waliosema kwamba hati inaweza kughushiwa, na mvulana yule alitazamwa kwa shaka hadi alipoondoka. Tuhuma ikishatoka kinywani hairudi yote. Lakini hakufukuzwa, wala hakupigwa, na alimaliza masomo yake.

Nimeyakumbuka hayo mara nyingi tangu mwanzo wa mwaka 2019, ambapo jina la Njombe lilisikika duniani kwa msiba. Watoto wadogo walitoweka, wakaokotwa wameuawa. Polisi na viongozi wa serikali walisema chanzo ni imani za kishirikina, za watu wanaotafuta utajiri kwa viungo vya binadamu, na miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo waganga. Wazee waliwasindikiza wajukuu wao shuleni. Kila mgeni akawa mshukiwa. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, nchi ilikuwa imesikia habari za vikongwe wa Usukumani waliouawa kwa kuwa macho yao ni mekundu. Mwanamke aliyepika kwa kuni na samadi tangu utotoni, katika nyumba isiyo na dirisha, atakuwa na macho ya rangi gani? Bwana Msa angelijibu hilo kabla kiko chake hakijazimika.

Sisemi kwamba riwaya huzuia mauaji. Njombe imewasoma Bwana Msa na Willy Gamba, na msiba ukaja. Wala riwaya zote za jamii hii hazifundishi subira. Katika nyingi, ngumi hufika kabla ya hoja, na msomaji hufurahia ngumi. Ninalosema ni dogo zaidi. Kuna raha ya namna moja ambayo mtu huipata anapoishika hukumu yake mkononi asiitoe, akisubiri ukurasa mmoja zaidi, na mwengine tena. Anayeizoea raha hiyo kitabuni huenda akaizoea na nje ya kitabu. Ushairi wetu wa mafumbo umeifunza raha hiyo kwa karne nyingi, na kwa hiyo ningependa wapenzi wa beti wamtazame Bwana Msa kama jamaa yao wa damu, aliyehama akaenda kukaa mbali.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimerudi Unguja, nililetewa barua kwa mkono wa msafiri. Iliandikwa na msichana yule wa swali la mzimu, wakati huo mama wa watoto, mwalimu naye. Alikuwa amekipata kitabu kizima katika duka moja, amekimaliza usiku uleule, na alitaka nijue kwamba kati ya majina mawili waliyoyaandika katika daftari lao, moja lilikuwa sahihi. Hakulitaja ni lipi. Chini ya barua aliandika: "Mwalimu, nipe mji."

Nilimpa Makunduchi.